Kisafisha hewa cha taa na titani: uzoefu wangu dukani Keko

Duka letu la samani lipo Keko, Dar es Salaam, na makabati mengi tunayouza ni ya MDF, yaani mbao za nyuzi za miti zilizoshindiliwa kwa gundi. Ukifungua mlango asubuhi macho yanawasha na koo linakauka. Hiyo ni gesi ya formaldehaidi inayotoka polepole kwenye gundi ya mbao hizo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeshaithibitisha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Vijana wangu wa mauzo wanashinda humo kutwa. Ndiyo maana nikanunua mashine hii.

Ndani mna feni, chujio la vumbi, wavu uliopakwa titani dioksidi (hapa naiita titani tu) na taa ya urujuanimno (UV). Mwanga ukiipiga titani, unyevu na oksijeni iliyopo hewani huzaa chembe kali zinazoikatakata gesi hadi ibaki kabonidayoksaidi na maji. Titani yenyewe haitumiki ikaisha. Hilo lilinivutia sana, kwa sababu chujio la mkaa huishika gesi tu, na likijaa unalitupa. Msingi wa kazi hii uliwekwa na Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda, walioonyesha mwaka 1972 kwamba titani ikimulikwa inaweza kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Dukani imenisaidia kweli. Tukiiacha imewashwa usiku kucha, asubuhi harufu ni hafifu na hakuna anayefikicha macho.

Lakini kwenye karakana yetu mashine haikufua dafu. Tukipuliza vanishi, mvuke wa thina ni mwingi mno kwa wavu mdogo kama ule. Tena kuna hatari ambayo muuzaji hakuitaja: thina isipovunjwa mpaka mwisho, njiani inaweza kuzaa formaldehaidi ileile ninayoikimbia. Kule nimefunga feni kubwa ya kutoa hewa nje, na mafundi wanavaa barakoa zenye mkaa.

Jihadharini pia na silikoni ya kuzibia vioo na sinki. Mvuke wake huacha tabaka la silika, madini kama ya mchanga, juu ya titani, na nguvu inapotea. Siku za kufunga vioo naihamishia mashine chumba kingine.

Kabla hujalipa, uliza taa ni ya nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Titani ya kawaida inataka chini ya 390 hivi, kwa hiyo taa ya bluu ya urembo haifanyi kitu. Ikiwa ni 185, iache, maana hutengeneza ozoni, nayo inaumiza mapafu.

Kwa duka au chumba chenye makabati mapya, ningeinunua tena, na madirisha bado nayafungua kila siku.