Kidani kizuri, fundo la ovyo, majibu ya kuudhi

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda: msinunue. Au nunueni hereni peke yake. Nitaeleza.

Anayeuza ni mtu anayetunga shanga nyumbani jioni akishatoka kazini, si fundi wa dukani. Hilo nililijua tangu mwanzo, na ndilo lililonivutia. Nilimpata mtandaoni, nikaona kidani cha nyuzi kadhaa, shanga ndogo za kioo za namba 11, zile za upana wa kama milimita 2, zimechanganywa na vijiti vya kioo. Rangi inaanza kijani iliyokolea, inahamia dhahabu polepole hata huoni zinapokutania. Kwa kazi hiyo sina neno. Mtu amekaa akachagua ushanga mmoja mmoja, ulio mnene kuliko wenzake akauweka kando.

Kabla sijalipa nilikuwa "mpenzi". "Mpenzi, nikuongezee urefu kidogo?" "Kipenzi, hiki kitakukaa." Yashikeni hayo.

Kidani chenyewe nimekivaa mara chache tu. Siku moja, kwenye sherehe iliyojaa watu, nimeinama kumwamkia mzee mmoja, kikaachia kisogoni. Hakikunasa popote, hakuna mtoto aliyekivuta. Kimeachia tu, shanga zikaingia ndani ya gauni, nyingine zikatawanyika sakafuni kama mtama gunia linapopasuka. Mzee wa watu, Mungu ambariki, akaanza kuinama aniokotee. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nikaziangalia ncha. Nyuzi zote alizikusanya ndani ya kikombe kidogo cha chuma karibu na kishikizo, akapiga fundo moja (moja!), akadondosha gundi juu, basi. Gundi imekauka ikabanduka, fundo likafunguka. Na uzi wenyewe ni mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi ule unateleza, haushiki fundo kirahisi, na ukipigwa jua muda mrefu unakakamaa na kukatika. Yaani mtu ametoa jicho lake lote kwenye rangi, halafu pale mwisho, panapobeba uzito wote, usingizi umemshika akalipua kazi. Hayo ni mawazo yangu, lakini siyaondoi.

Nikamwandikia kwa adabu, na picha juu. Jibu: "Dada, shanga hazivutwi."

Upenzi umekwisha, nimekuwa dada. Nikamweleza kwamba sikuvuta. Akaja na hili: "Hii ni kazi ya mikono, siyo ya kiwandani. Na mimi nafanya kwa kujifurahisha tu." Kujifurahisha! Mbona bei haikuwa ya kujifurahisha? Kama ni burudani, wagawie shangazi zako. Ukishapokea hela ya mtu, funga fundo likae. Kazi ya mikono ndiyo niliyoilipia, sasa mikono hiyohiyo inakuwaje tena ndiyo kisingizio? Nilichukia hadi nikataka kuzitupa na hereni zake, ambazo hazina kosa lolote. Sikuzitupa. Ninazo masikioni hapa ninapoandika, na hulabu zake hazijaniwasha, wakati mimi nikivaa kitu chenye nikeli masikio yanavimba siku hiyohiyo. Kwa hiyo kumbe vizuri anavijua, akitaka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayetunga shanga naye kwa kujifurahisha, tena bila kumwambia mtu maneno hayo. Alipoona lile fundo alicheka. Akatunga upya kwa uzi wa nailoni wa kusokotwa, ameukunja mara mbili, na kila mwisho akairudisha sindano ndani ya shanga alizokwisha kuzipita, akipiga vifundo vidogo katikati. Fundo likiachia, lina wenzake nyuma. Kisha akanionyesha vile vijiti: kingo zake zilizokatwa ni kali, zinasaga uzi taratibu, ndiyo maana huwekwa ushanga mdogo wa mviringo kila upande. Mwenzangu hakuweka hata mmoja. Maana yake hata fundo lingeshika, kingekuja kukatikia pengine. Hapo hasira yangu ikaanza upya.

Lakini yule mama, akiwa amekishika juu kwenye mwanga, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, aliyepanga rangi hizi ana jicho." Akaomba akipige picha. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Kila nikikivaa naulizwa nimekitoa wapi, nami nabaki kuguna, maana sitaki kumpelekea wateja.

Basi nyota mbili. Hapana, nikikumbuka "shanga hazivutwi", moja. Ingawa kama ni kitu cha kutundika ukutani na kutazama, ningempa nne bila kusita. Wa kuvaa muulizeni kwanza ametumia uzi gani na mwishoni amefungaje. Akiwajibu kwa "mpenzi" bila kutaja uzi, ondokeni.

Juzi ameweka bangili ya bluu, pana, shanga zimelala kama zimechorwa. Nimemuuliza uzi. Amesoma, hajajibu.