Printa Moja, Kompyuta Nne: Ipi ya Kununua na Ipi ya Kuiacha Dukani

Ilikuwa Jumapili, saa nne kasoro za usiku. Nimepiga magoti mbele ya printa mpya, naangalia taa yake ya kijani ikiwaka na kuzima. Kwenye laptopu yangu foleni ya kuchapisha inasema kazi imekamilika. Karatasi haijasogea. Binti yangu amesimama nyuma yangu akisubiri kurasa sita za kazi ya shule zinazotakiwa asubuhi. Mwishowe tukazihamisha kwa flashi hadi kwenye kompyuta kuukuu ya mume wangu, ile pekee ambayo printa ilikubali kuisikiliza.

Printa ile haikuwa mbovu, na hilo ndilo lililoniuma. Ilichapa haraka na kwa weusi safi, lakini kwa kompyuta moja tu kati ya nne tulizo nazo, kila moja na mfumo wake. Ya mume wangu ni Windows 7 ya biti 32, yangu ni Mac, ya binti yangu ni Chromebook, na mdogo wangu anayekaa nasi anatumia Linux. Nilidhani nikiichomeka printa kwenye kompyuta moja na kuishea kwenye mtandao wa nyumbani, zote zitachapa. Jina lake lilionekana vizuri kabisa kwenye Mac. Kisha Mac ikaniomba draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa hiyo, ambayo kiwanda hakijawahi kuitengeneza.

Kwa hiyo sitakupotezea muda kwa kasi ya kurasa kwa dakika wala wingi wa nukta kwa inchi. Printa yoyote ya leo inatosha kwa barua na kazi za shule. Ninachotaka ukikague kabla ya kutoa pesa ni kitu kimoja: je, printa yenyewe inajua kusoma?

Mwaka 1985, Apple ilipotoa LaserWriter, iliweka ndani yake prosesa ya Motorola 68000 iliyosoma lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe. Kompyuta ilituma maelezo ya ukurasa, na printa ikayageuza yenyewe kuwa nukta. HP nao walikuwa na lugha yao, PCL. Baadaye viwanda vikagundua njia ya kupunguza gharama: toa akili kwenye printa, iache kompyuta ifanye kazi yote ya kuchora nukta, kisha itume kwa namna ambayo printa hiyo tu inaielewa. Kazi hiyo hufanywa na draiva. Mfumo wako ukikosa draiva, mashine iliyo mezani ni silinda, tona na rola za karatasi, basi. HP LaserJet 1020, ambayo wengi mnaijua, haihifadhi hata programu yake ya ndani: kila unapoiwasha husubiri kompyuta iipelekee upya.

Kwenye karatasi ya maelezo tafuta mstari ulioandikwa "Emulation" au "Printer Language". Ukiona PCL 6, PostScript 3 au BR-Script3 (hili ni jina la kampuni ya Brother kwa mfano wao wa PostScript), printa inasoma. Ukiona GDI au "Host-Based" peke yake, yaani kompyuta ndiyo inayochora, haisomi. Kisha tafuta AirPrint, ambayo Apple waliianzisha mwaka 2010, au Mopria, au IPP Everywhere. Hizi tatu zina maana kwamba mashine inapokea kazi bila draiva ya kiwanda.

Na tafadhali, nembo ya Wi-Fi si jibu. Wi-Fi ni njia ya kupitishia data tu. Printa inaweza kuwa na Wi-Fi na bado ikadai draiva yake kwa kila kompyuta. Msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa: alichagua draiva ya jumla ya PostScript kwa printa ya PCL isiyojua PostScript, ikamtolea rundo la karatasi. Ya kwanza ilianza na %!PS-Adobe-3.0 na zilizofuata zikawa mistari ya alama. Mtandao ulifanya kazi yake sawasawa. Printa ilichapa maandishi ya amri kwa kuwa haikujua kwamba ni amri.

Sasa kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa printa ya leza, nyeusi tupu, ya mtandao, yenye PCL 6 pamoja na PostScript na AirPrint. Nasema "pamoja" kwa sababu. AirPrint inazihudumia Mac, Chromebook, Linux ya kisasa na simu, lakini Windows 7 haiijui. Kwa mashine ya zamani kama ya mume wangu, draiva ya kawaida ya PCL au PostScript ndiyo inayookoa. Upande wangu ni Brother, sifichi. HL-L5100DN inasoma PCL 6 na BR-Script3, ina mtandao wa waya, na hata draiva ya modeli yenyewe ikikosekana unaiendesha kwa draiva ya jumla. Herufi za mwisho zisome hivi: D inachapa pande mbili, N mtandao wa waya, W Wi-Fi. Lakini usinunue jina bila kusoma. HL-L2300D ni Brother pia, nayo ni ya waya wa USB na ya kutegemea kompyuta. HP LaserJet Pro M404dn inazo lugha zote ninazozitaka; kinachonifanya niiweke nyuma ya Brother ni kwamba HP wenyewe huandika kuwa baadhi ya printa zao huzuia katriji zenye chipu isiyo yao. Na zile zao za leza zenye herufi e mwishoni mwa jina zinadai akaunti na intaneti muda wote. Nyumbani kwangu hazitaingia.

Ya pili ni printa ya wino yenye AirPrint au Mopria. Inafaa kama kompyuta zako zote ni changa na unahitaji rangi. Iwapo kuna mashine ya zamani, rudi kwa ya kwanza.

Ya tatu si printa, ni kompyuta ndogo ya kuiwekea printa uliyo nayo, na hapa ndipo nilipoiokoa ile yangu. Raspberry Pi yenye CUPS inakaa kando ya printa, inashika draiva peke yake, na kuitangaza printa kwenye mtandao kana kwamba ina AirPrint. CUPS ndiyo mfumo wa kuchapisha ambao Mac wanautumia tangu 2002 na Linux karibu zote. Kompyuta nyingine hazijui tena kwamba nyuma yake kuna printa isiyosoma. Ila kagua kwanza kama ipo draiva huria: brlaser kwa leza nyingi za Brother, foo2zjs kwa HP za jamii ya 1020, HPLIP kwa HP nyingi zaidi. Draiva za Linux zinazotolewa na viwanda mara nyingi zimeandikwa kwa prosesa za Intel, na Pi inatumia ARM, aina tofauti ya prosesa, hazitakubali. Mimi ilinichukua jioni mbili. Binti yangu alipobonyeza kwenye Chromebook na karatasi ikatoka, alipiga kelele hadi mume wangu akaja kuangalia kuna nini.

ARM si tatizo la Pi tu. Laptopu mpya za Windows zenye prosesa za Snapdragon zinaweza kuendesha programu za kawaida kwa kuziigiza, lakini draiva haziigizwi. Lazima iwepo ya ARM64. Tena mnamo Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wanaachana polepole na draiva za viwanda na kuelekea IPP, kanuni ya pamoja ya kuchapisha kupitia mtandao. Printa isiyosoma unayoinunua leo inazidi kubaki peke yake.

Kiboksi cha kushea printa, na tundu la USB lililo nyuma ya rauta, nimeviweka chini kabisa. Vinapitisha data, havitafsiri. Kila kompyuta bado itadai draiva. Printa za bei ya chini za USB: kama una kompyuta moja, sawa, kama una mbili, ziache.

Hasira yangu kubwa ni kwa wauzaji. Nilimwambia yule aliyeniuzia, waziwazi, kwamba nina Mac na Chromebook. Akasema, "Dada, hii inaingia kompyuta yoyote." Aliongea habari za waya. Hakufungua karatasi ya maelezo, na kwenye kasha lugha ya printa haikuandikwa popote, ilhali neno USB lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Nilipotaka kuirudisha nikaambiwa haina kasoro. Viwanda navyo vinaujua mstari huu, vinauficha mwisho wa jedwali, kisha vinatoza zaidi kwa yenye N na PCL. Anayelipa gharama ya kutoujua ni mama aliyepiga magoti saa nne usiku.

Kwa hiyo ukifika dukani, omba printa iwashwe na iunganishwe na Wi-Fi yao. Chukua iPhone, hata ya kuazima, fungua picha, bonyeza kuchapisha. Ikionekana na karatasi ikatoka bila kupakua chochote, ina AirPrint kweli. Kama hawataki kuiwasha, nenda duka jingine. Ukiifikisha nyumbani, ipe anwani isiyobadilika kwenye rauta kabla ya yote, halafu kwenye kompyuta itakayoshindwa kuiona yenyewe, iongeze kwa kuandika ipp:// ikifuatwa na anwani hiyo na /ipp/print.