Kampuni inayosimamia ghorofa letu Arusha: usafi wanauweza, ukarabati wa paa tuliupigania

Nina fleti ghorofa ya juu kabisa upande wa Kijenge, na jengo letu linasimamiwa na kampuni tuliyoikuta. Kwa mambo ya kila siku sina neno nao. Ngazi zinadekiwa, mlinzi yupo getini usiku kucha, pampu ya maji ikigoma fundi anafika. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili wamezipoteza kwenye paa.

Mvua za masika zilipochanganya, dari ya chumba cha watoto ilitoa madoa ya kahawia, kisha lipu ikaanza kubanduka vipandevipande hadi nondo zikaonekana zimeshika kutu. Hapo huponi kwa kupaka rangi. Nondo ikila kutu inatanuka na kulipasua zege kutokea ndani, na kila msimu wa mvua ukipita gharama inapanda. Meneja alinijibu kuwa ya ndani ya fleti ni ya mwenye fleti. Nilikataa. Maji yametoka juu ya paa, na paa ni mali ya wote. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iko wazi: maeneo ya pamoja ni ya wamiliki wote, na wanayasimamia kupitia chama chao. Kampuni inatufanyia kazi sisi.

Kazi ilikuwa kwenye kikao cha wamiliki. Mzee mmoja wa chini alisema, "Mwanangu, maji yanadondoka kwako, kwangu hayafiki."

Nikamwambia, "Mzee wangu, nguzo zinazobeba paa hilo zimepita sebuleni kwako."

Akaomba apelekwe juu akajionee. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na majani na mabonge ya saruji, maji yamesimama kama bwawa. Yeye ndiye aliyemgeukia meneja: "Hela ya usafi tunayotoa kila mwezi, huku haifiki?" Kuanzia hapo wa chini walikuwa upande wetu, na mchango tukaugawa kwa ukubwa wa fleti.

Kampuni ilileta karatasi yenye jumla tu, bila maelezo. Tukadai mchanganuo wa vifaa na ufundi, kila kimoja na bei yake, risiti za EFD (za mashine ya kodi), na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Yule waliyemleta kwanza tulipomtafuta kwenye orodha ya bodi hakuwemo. Hili liliniumiza sana, kwa sababu kuangalia jina la mkandarasi ndiyo kazi tunayowalipa waifanye.

Wa pili alijua kazi yake. Alirekebisha kwanza mteremko ili maji yaelekee kwenye mabomba, akaziba nyufa, akabandika mkeka wa lami na kuupandisha kidogo ukutani, pale kwenye kona ambapo mafundi wengi huharakisha. Kisha, kwa majaribio, akaziba matundu, akajaza maji juu ya paa na kuyaacha saa 24. Nilishinda naangalia dari. Halikudondoka tone.

Sehemu ya malipo yake tumeishikilia mpaka masika mengine yapite. Kampuni nayo bado haijanirudishia lipu ya chumba cha watoto; nimewaandikia barua, nakala kwa mwenyekiti wa chama, na wakimaliza nitaongeza nyota.