Rangi ya kuzuia maji ukutani: nyota mbili, na moja nimeitoa kwa huruma

Naandika baada ya vuli na masika kupita, maana wiki ya kwanza hata mimi ningeisifu.

Nyumba yetu iko Isamilo, Mwanza, mtelemkoni. Chumba cha chini kimezama kilimani, ukuta wake wa nyuma umefukiwa udongo hadi usawa wa kifua. Humo tunaweka magunia ya mchele, na wageni wakizidi ndimo wanamolala.

Ukuta ulikuwa umeshaanza kulalamika. Karibu na sakafu ulitoa unga mweupe kama chumvi, nikaufagia. Rangi ya zamani ikaota malengelenge. Kabati likashika ukungu mgongoni, shuka za wageni zikanuka kama gunia lililolala na maji. Nikasingizia hewa ya ziwa.

Agosti nikanunua ndoo ya lita 20. Muuzaji aliniuliza nataka rangi gani. Maji yanatoka wapi hakuuliza, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo swali. Kijana akapaka mikono miwili. Pakapendeza kweli.

Desemba lengelenge likavimba, kubwa kama chapati. Nikalitoboa kwa msumari, maji ya baridi yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nikamwita fundi mwingine, mzee wa Mabatini. Hakugusa hata brashi. "Mama, nipatie nailoni na gundi ya karatasi." Akabandika kipande ukutani, akaziba kingo zote, akaondoka. Siku mbili baadaye akanionyesha: matone yangekuwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa, dawa yake madirisha. Yetu yalikuwa nyuma yake, yametoka ukutani.

Akazunguka nje mvua ikinyesha. Bati halina gata, maji yote yanamwagika kwenye shina la ukuta. "Hapa Mwanza udongo ni shuka tu, kitanda ni jiwe," akasema. Maji yakizama yanakutana na mwamba, hayana pa kwenda chini, yanateleza juu yake hadi kwenye nyumba. Rangi ya ndani inasukumwa kutoka nyuma, lazima ibanduke. Dawa ya namna hiyo ilitakiwa kupakwa upande wa udongo, kabla ya kufukia.

Basi gata, halafu mtaro nyuma ya nyumba, chini kuliko sakafu, ukawekwa bomba lenye matundu na kokoto juu yake. Plasta ya ndani ikabanduliwa, ukuta ukaachwa wazi wiki kadhaa ukauke. Gharama ilizidi ile ndoo mara nne, na kelele za sururu kwenye jiwe majirani hawajanisamehe.

Rangi iliyobaki niliipaka kwenye ukingo wa juu wa paa la stoo, unaopigwa mvua moja kwa moja. Huko imeshika vizuri hadi leo, ndiyo nyota ya pili.

Masika yamepita, chumba kikavu. Magunia lakini nimeyapandisha juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani.