Kutoka dekoda hadi intaneti: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Dishi langu bado liko juu ya paa, ila dekoda siilipii tena kila mwezi. Na si kwa sababu ya bei. Nilichoka kulipia lundo la chaneli ambazo nyumbani hakuna anayezitazama, huku katuni walizozipenda watoto zikiwa kwenye abonema (kifurushi cha chaneli) ya juu zaidi. Halafu mvua zetu: zikishaanza Novemba, wingu zito likikaa upande wa dishi, picha inakatikakatika mpaka inapotea kabisa.

Sasa tele ni ile ile, nimeichomekea kisanduku kidogo cha Android, tunatazama Netflix na YouTube. Mtandao ukiwa mzuri, picha inaishinda ya dekoda kwa mbali. Ukiwa mbaya, utasikia watoto: "Papa, inazunguka tena!"

Shida kubwa ni mega, yaani data ya intaneti. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo filamu moja ya saa mbili inaweza kumaliza GB 6. Ukiwa unategemea forfe ya simu, yaani kifurushi cha data, pesa ya sokoni inaishia humo. Dawa yake iko kwenye akaunti: ifungue kwa kivinjari, ingia kwenye matumizi ya data, chagua kiwango cha chini, ambacho ni kama GB 0.3 kwa saa. Kila mtu mwenye ukurasa wake anawekewa cha kwake. Wa watoto nimeuacha hapo chini. Katuni zina rangi bapa, haziharibiki sana. Filamu ya giza giza, yenye watu wanaokimbizana usiku, hapo hutaona kitu.

Kilichonifanya nisirudi nyuma ni kupakua. Usiku mega ni za bei nafuu, basi simu inapakua sisi tumelala. Kesho yake umeme ukikatika, jambo ambalo hapa halihitaji maelezo, dekoda inakufa pamoja na tele, lakini bibi yangu, mama wa watoto, anaendelea na tamthilia yake kwenye simu hadi betri iishe. Angalia tu tarehe, maana baadhi ya filamu ukishazianza una saa 48 za kuzimaliza.

Kulipa kunataka kadi ya Visa au inayofanana nayo. Asiye nayo anamwomba ndugu mwenye nayo, na hapo undugu unapimwa kila mwisho wa mwezi.

Mpira je? Hapo sina maneno matamu. Picha ya moja kwa moja ya intaneti inachelewa nyuma ya satelaiti, kwa sababu video inakatwa vipande, inatumwa, kisha inalimbikizwa kidogo kwenye kifaa kabla ya kuonekana. Mara nyingi ni nusu dakika, pengine zaidi. Novemba 2025, Leopards, timu yetu ya taifa, na Nigeria kule Rabat, mchujo wa Kombe la Dunia, 1-1, tukaingia penati. Kwangu nahodha wetu Mbemba bado anaweka mpira chini, kwa jirani wanapiga sufuria na kuimba. Tumeshinda 4-3, nami nimekaa pale natazama goli ambalo mtaa mzima umeshalisherehekea. Bibi akasema, "Papa, funga hiyo tele, twende nje."

Kwa wanaouliza kuhusu Starlink, intaneti ya satelaiti: ilipata leseni ya nchi yetu Mei 2025, na kwa nyumba yenye watazamaji wengi inaondoa ile hesabu ya mega. Majirani wawili wakichangia inabebeka. Ila nayo inataka umeme, tena si kidogo kama rauta ya kawaida, kwa hiyo piga hesabu ya betri kwanza.

Dekoda sijaiuza. Leopards walipopata nafasi ya kucheza mchujo wa mwisho Mexico, Machi 2026, niliamua kuilipia mwezi huo.