Tahadhari: mafuta ya "kurudisha ujana" yanayouzwa WhatsApp hapa mjini

Asalaam aleikum. Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hasa nyie wenye mama na mashangazi watu wazima, someni kabla hawajatuma hela.

Kuna dada anauza kikopo cha mafuta, hakina jina la kiwanda wala kilichomo ndani, ati kinakurudisha nyuma miaka ishirini. Mzigo unapokelea Darajani, wa Pemba anawatilia kwenye boti. Elfu themanini, unalipa kwanza. Tangazo lake linaanza na hadithi: kila ugonjwa una dawa. Mkia wake kaukata, maana Mtume (s.a.w.) alimalizia, "isipokuwa mmoja: uzee."

Mie niliingia. Nina miaka hamsini na mbili, harusi ya mwanangu imekaribia, nikaona singo na liwa havitoshi.

Wiki mbili uso uling'ara kweli, sisemi uongo. Lakini alinipa sharti: "Vua dhahabu zote kabla hujajipaka." Siku moja nikasahau pete, ikatoka mabaka meupe. Nikaipeleka kwa sonara. Mzee wa watu kaigeuza mara moja tu, akasema, "Bi, hii imeshika zebaki."

Zebaki ndiyo inayong'arisha, kwa kuizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Ikishapenya mwilini inaharibu figo, na inabaki kwenye foronya na taulo, hata mjukuu unayelala naye inampata. Si bure Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeviwekea vipodozi vya zebaki marufuku. (Mfalme wa China, Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 K.K., inasimuliwa alimeza vidonge vya zebaki ili asife. Yeye angalau hakulipia elfu themanini.)

Madoa meusi yalipoanza mashavuni nikamwandikia. Akajibu, "Huo uchafu unatoka, ongeza kopo la pili." Nilipodai hela yangu, akaniblok. Sasa namuona kwa jina jengine, na picha ile ile ya bibi aliyegeuka kigori.

Mwenye nacho aache leo. Usikichome moto, mvuke wake ni sumu, wala usikimwage karoni. Kifunge vizuri kwenye mfuko, nenda nacho hospitali, mwambie daktari ulichojipaka na kwa muda gani, akupime mkojo. Mie wangu nayafuata majibu yake Jumatatu.