Kiwanda cha makonyo Wawi: nimeyafuata mafuta yanakopikwa

Mafuta ya karafuu nimeyanunua mara nyingi hapa mjini Unguja, na mara ya mwisho nililia na pesa yangu. Dukani chupa ilinukia vizuri. Nyumbani nikadondosha tone kwenye gilasi ya maji, likaelea na kutanda kama mafuta ya kupikia. Basi nilipokwenda Pemba sikukuu ya Idi kumtazama bibi, nikaazimia kufika mwenyewe kiwandani.

Kiwanda kipo Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Harufu inakupokea kabla hujaliona geti. Mzee aliyetutembeza hakuwa na haraka. Alianzia kwenye magunia ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kwetu Wete kuchambua ilikuwa kazi ya usiku, jamvi limetandikwa, wakubwa kwa watoto, na mikono inanuka karafuu msimu mzima. Karafuu zikauzwe ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, makonyo yawekwe kando. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza yanakwenda wapi.

Yanakuja hapa. Hushindiliwa kwenye mapipa makubwa ya chuma, kisha mvuke kutoka kwenye boila hupitishwa chini yake. Mvuke ukipanda huondoka na mafuta, hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, na huko mbele hutoka maji na mafuta pamoja. Na hapo ndipo nilipoielewa ile chupa yangu ya dukani: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Yanakingwa chini, si juu. Kilo 100 za makonyo hutoa kama kilo 5 au 6 tu, na sehemu kubwa ni eujenoli, kitu kile kile wanachotumia madaktari wa meno.

Nilimuuliza mbona kiwanda kimewekwa Pemba na si Unguja. "Karafuu ziko huku, mwanangu, tangu kile kimbunga." Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza. Kiwanda chenyewe ni cha miaka ya 1980. Miaka hiyo Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa na mikarafuu yake ya kutosha, na bei ikaporomoka. Mimi ni mtoto wa shamba la karafuu, najua bei ikilala nyumba nzima inalala. Kukamua mali kutoka kwenye kijiti wakati kama ule naona ni jambo la kujivunia.

Nilinunua chupa mbili. Kwa bibi nikarudia jaribio la gilasi: tone likashuka taratibu mpaka chini, likatulia kama shanga. Bibi ana jino linalomsumbua. Tulichanganya tone moja na mafuta ya nazi kidogo, tukampakia kwa pamba, na usiku ule alilala. Usiyapake matupu, yanaunguza ufizi, na jino lenyewe bado tutalipeleka kwa daktari.

Ukienda, tenga saa nzima, na usiondoke kabla hujasimama pale mafuta yanapokingwa. Chupa ya pili nimerudi nayo Unguja, na gilasi ya maji nimeiacha mezani. Kila mgeni anataka aone tone likizama.